Gari linakula, dereva analipa

Mwanzoni mwa mwaka 2004 ilijulikana kwamba kampuni ya Subaru itainua kidogo gari lake la Outback, toleo la mwaka uliofuata, ili tumbo lake liwe mbali zaidi na ardhi. Barabara za Marekani hazikuwa zimeharibika. Sababu ilikuwa ni maana ya neno. Sheria ya Marekani iligawa magari madogo katika makundi mawili: gari la abiria na lori dogo. Gari la abiria lilidaiwa wastani wa maili 27.5 kwa kila galoni ya petroli. Lori dogo lilidaiwa takriban maili 21 tu. Outback lililoinuliwa lilitimiza masharti ya lori dogo, ingawa watu waliopanda ndani yake walikuwa walewale, na safari zao za dukani na shuleni zilikuwa zilezile.

Chrysler nayo ilikuwa na gari lililoitwa PT Cruiser. Ukiliona utasema ni gari dogo la familia. Lakini viti vyake vya nyuma viliweza kung'olewa, sakafu ikabaki tambarare ya kuwekea mizigo, na kwa hiyo mbele ya sheria lilikuwa lori. Kila PT Cruiser iliyouzwa ilisaidia kupandisha wastani wa malori ya kampuni hiyo.

Sisi wa isimu tunakijua kisa cha namna hii. Ni somo la semantiki: mpaka wa kategoria uko wapi, nani anauweka, na nani anafaidika ukisogezwa. Ndiyo sababu nimeomba nafasi katika jarida hili kusema juu ya jambo ambalo wengi wataona ni la wenzetu wa uchumi. Swali lenyewe ni la zamani na huko Marekani bado halijafungwa: ili watu wachome mafuta kidogo, ni bora kuwaamuru watengenezaji magari waunde magari yasiyokula sana, au kupandisha bei ya mafuta? Mimi niko upande wa bei. Najua ni upande usiopendwa, hasa na mwanafunzi anayepanda taksi-basi kila asubuhi. Lakini kadiri ninavyosoma historia ya kanuni zile za Wamarekani, ndivyo ninavyoona kwamba udhaifu wake uko mahali ambapo mwanafunzi wa lugha anaweza kuuonyesha vizuri kuliko mhandisi.

Tuanze na sarufi. Tunasema gari linakula mafuta. Nenda kwa fundi yeyote hapa Lubumbashi, atakwambia hii inakula sana, ile haikuli. Mtendaji wa kitenzi ni gari. Dereva hayumo katika sentensi, wala safari haimo, wala mzigo. Gari limepewa tumbo na njaa yake, kama kwamba linaamka lenyewe usiku na kwenda kula. Sentensi hiyo haina kosa katika mazungumzo. Lakini kanuni ya Marekani ilijengwa juu ya sarufi hiyohiyo: inasema na gari, tena gari jipya tu, wakati bado liko kiwandani. Baada ya hapo inanyamaza. Gari likishauzwa, kanuni haijui kama litaendeshwa maili 5,000 kwa mwaka au 25,000. Bei inasema na mtu mwingine kabisa. Inasema na dereva, kila anaposimama kwenye pampu, awe na gari jipya au gari la baba yake lenye miaka ishirini.

Kanuni yenyewe ilizaliwa kwa hofu. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zinazouza mafuta ziliifungia Marekani, bei ya mafuta ghafi ikapanda karibu mara nne katika miezi michache, na watu wakapanga mistari mirefu penye stesheni. Desemba 1975 Rais Gerald Ford alitia saini sheria iliyodai kwamba wastani wa magari ya abiria ya kila kampuni ufike maili 18 kwa galoni kuanzia magari ya mwaka 1978, na 27.5 ifikapo 1985. Galoni yao ni lita 3.8 hivi. Na kwa kweli magari yalibadilika. Mwaka 1974 gari jipya la abiria lilikwenda kwa wastani chini ya maili 15 kwa galoni. Miaka kumi na kidogo baadaye lilikaribia kuzidisha mara mbili. Wapenzi wa kanuni hutaja takwimu hiyo kwanza, na wana haki ya kuitaja. Ila miaka hiyohiyo bei nayo ilipanda, ikapanda tena baada ya mapinduzi ya Iran ya 1979, na Mmarekani aliyekuwa akinunua gari mwaka 1980 hakuhitaji serikali kumwambia atafute dogo. Kutenganisha kazi ya kanuni na kazi ya bei katika miaka ile ni vigumu, kwa sababu zote mbili zilikuwa zikivuta kamba upande mmoja.

Ukitaka kujua nguvu ya kila mmoja, angalia zilipoachana. Mwaka 1986 mafuta yalishuka bei. Kanuni ililegezwa kidogo kwa miaka michache, kisha ikarudi 27.5 na kubaki hapo. Ndipo neno "lori" likaanza kufanya kazi yake. Sheria ya mwaka 1975 iliruhusu malori madogo yawekewe kiwango chao, nacho kikawa cha chini, kwa sababu yalikuwa mali ya wakulima na mafundi wa ujenzi. Katika kila magari matano mapya yaliyouzwa, moja hivi lilikuwa la kundi hilo. Watengenezaji walichukua fremu ya lori, wakaweka viti vya ngozi na redio nzuri, wakaliuza kwa familia za mjini. Sisi huku magari hayo yote tunayaita jeep, hata kama hayana uhusiano na kampuni ya Jeep. Kufikia mwanzo wa karne hii nusu ya magari mapya ya Marekani yalikuwa "malori". Hata kodi maalumu ya magari yanayokula sana mafuta, iliyopitishwa mwaka 1978, iliyagusa magari ya abiria peke yake. Mtu alinunua gari zito zaidi, lenye kula zaidi, na akaepuka kodi ya ulaji kwa sababu kamusi ya serikali ilisema hilo si gari la abiria.

Mchumi Christopher Knittel alichapisha mwaka 2011 hesabu inayosikitisha. Kama uzito na nguvu za injini zingebaki kama zilivyokuwa 1980, ufundi uliopatikana hadi 2006 ungetosha kuongeza maili kwa galoni kwa karibu asilimia 60. Ongezeko halisi lilikuwa dogo sana kuliko hilo. Ufundi haukupotea, uliliwa na kilo na kasi. Mafuta yalikuwa rahisi, kwa hiyo mnunuzi aliomba nguvu, naye mhandisi akampa nguvu ndani ya mipaka ya kanuni, au akampa lori.

Bei haina kamusi ya namna hiyo. Pampu haiulizi kama hili ni gari la abiria ama lori dogo, kama viti vinang'oka, kama tumbo liko sentimita ngapi juu ya ardhi. Inahesabu lita. Kwa hiyo hakuna mwanasheria wa kampuni anayeweza kukaa ofisini na kuligeuza lita moja kuwa kitu kingine.

Kuna jambo lingine la lugha ambalo linanifurahisha na kunikera kwa wakati mmoja. Wamarekani hupima kwa maili kwa galoni; sisi, tuliorithi Kifaransa, tunapima kwa lita kwa kilomita mia. Inaonekana kama ni kugeuza sehemu tu, juu iende chini. Lakini mwaka 2008 Richard Larrick na Jack Soll walionyesha katika jarida la Science kwamba kipimo cha Kimarekani kinawadanganya watumiaji wake. Chukua safari ya maili 10,000. Gari la maili 10 kwa galoni linakula galoni 1,000. Ukilibadilisha kwa la maili 20, linakula 500. Umeokoa 500. Sasa chukua la maili 20 ulibadilishe kwa la maili 40: kutoka galoni 500 hadi 250. Umeokoa 250 tu, ingawa idadi ya maili imepanda kwa 20 badala ya 10. Watu wanaosoma maili kwa galoni hudhani mabadiliko ya pili ndiyo makubwa. Katika lita kwa kilomita mia kosa hilo halipo, kwa sababu kinachohesabiwa ni mafuta yenyewe. Nchi nzima ilibishana kwa miaka 30 juu ya kiwango kilichoandikwa kwa kipimo kinachoficha kile wanachotaka kupunguza! Na dereva wa kwetu? Hapimi kwa maili wala kwa lita. Anasema "tia ya elfu kumi". Kipimo chake ni franka. Wataalamu watamcheka, lakini katika vipimo vitatu hivyo chake ndicho kinachomwambia moja kwa moja safari ya leo imemgharimu nini.

Wanaounga mkono bei hupenda kutaja pia kile kinachoitwa kurudi nyuma kwa akiba: gari likila kidogo, kila maili inakuwa rahisi, mtu anaendesha zaidi. William Stanley Jevons alisema jambo linalofanana juu ya makaa ya mawe ya Uingereza mwaka 1865. Mimi sitaisisitiza sana hoja hii. Kenneth Small na Kurt Van Dender walichunguza majimbo ya Marekani kwa miaka 1966 hadi 2001 wakakuta kwamba sehemu ya akiba inayopotea kwa njia hiyo ni kama asilimia 4.5 kwa muda mfupi na 22 kwa muda mrefu, na ilikuwa ikipungua kadiri watu walivyotajirika. Kwa hiyo sehemu kubwa ya akiba inabaki. Anayesema kanuni haziokoi chochote kwa sababu watu wataendesha zaidi, anatia chumvi.

Hoja ya magari ya zamani ni nzito zaidi, na hiyo inatufikia sisi. Kanuni ikiwafanya watengenezaji waongeze vifaa, gari jipya linakuwa ghali. Gari jipya likiwa ghali, mwenye la zamani analishikilia mwaka mmoja zaidi, miwili zaidi. Howard Gruenspecht alilieleza hilo mwaka 1982, na jina lake limebaki kwenye jambo hilo. Magari makuukuu, ambayo ndiyo yanayokula zaidi, yanaishi maisha marefu kwa sababu ya sheria iliyokusudia kuokoa mafuta. Sasa fikiria nchi yetu, ambako gari jipya kabisa ni kitu cha kutazamwa. Magari yetu tunayapokea baada ya wengine kuyachoka. Mengi ya hapa Lubumbashi yaliwahi kuendeshwa Japani, yakaja kwa meli hadi Dar es Salaam, yakavuka Zambia kwa barabara, na usukani wao bado uko upande wa kuume katika nchi inayoendesha kuume. Kanuni ya kiwanda inamfikia dereva wetu baada ya miaka kumi au kumi na tano, ikiwa imechoka kama gari lenyewe. Bei inamfikia kesho asubuhi.

Sasa nitoe hoja kubwa iliyo dhidi yangu, maana wenzangu wa uchumi wataitoa hata nikinyamaza. Wanaiita unyumbufu wa mahitaji (wasomaji wa fakulte yetu wasiuchanganye na unyambulishaji wa vitenzi). Jonathan Hughes, Knittel yuleyule, na Daniel Sperling walilinganisha vipindi viwili. Kati ya 1975 na 1980, bei ilipopanda kwa asilimia 10, Wamarekani walipunguza petroli kwa asilimia 2 hadi 3 na kidogo ndani ya muda mfupi. Kati ya 2001 na 2006, kwa upandaji uleule, walipunguza chini ya asilimia moja. Yaani bei ilipiga kelele na karibu hakuna aliyegeuka. Mtu anaweza kufunga kitabu hapo na kusema: basi, bei haifanyi kazi.

Mimi nasoma matokeo hayo kwa namna nyingine. Mwaka 2001 Mmarekani wa kawaida alikuwa amekwisha kujenga nyumba mbali na kazi, katika vitongoji visivyo na basi, kwa sababu miaka 15 ya mafuta rahisi ilimwambia ajenge huko. Ulizia mtu huyo abadilike ndani ya mwezi mmoja, hawezi. Mpe miaka kumi ya bei isiyorudi chini, atabadilisha gari, baadaye atabadilisha mtaa. Makadirio ya muda mrefu ni makubwa mara kadhaa kuliko ya muda mfupi. Na katikati ya mwaka 2008, petroli ilipopita dola 4 kwa galoni, jeep kubwa zilikosa wanunuzi kabla sheria mpya haijauma, na maili zilizoendeshwa nchini humo zikapungua mwaka huo. Tatizo la bei ya soko ni kwamba inashuka tena, na kila mtu anajua kwamba itashuka.

Hapo ndipo kodi inapotofautiana na bei, na hapo ndipo nilipofungua macho zaidi. Shanjun Li, Joshua Linn na Erich Muehlegger walichapisha mwaka 2014 utafiti unaoonyesha kwamba Wamarekani wanapunguza petroli zaidi senti moja inapoongezwa na kodi kuliko senti ileile inapoongezwa na soko. Senti ni ile ile. Mfuko ni ule ule. Kilichobadilika ni jina lake, pamoja na yale jina hilo linayobeba: kodi inatangazwa, inabishaniwa katika magazeti, na watu wanaamini kwamba ikishawekwa haitoki. Soko linanong'ona, kodi inatamka. Mtu akiniuliza kwa nini mwanafunzi wa lugha ajishughulishe na mafuta, nitamwonyesha utafiti huo.

Lakini nguvu hiyohiyo ya jina ndiyo inayoiua kodi katika siasa. Mwaka 1980 mgombea wa kujitegemea John Anderson aliwaambia Wamarekani waongeze kodi ya petroli kwa senti 50 kwa galoni, na fedha hizo zitumike kupunguza makato ya pensheni katika mishahara yao. Alipata chini ya asilimia 7 ya kura. Kodi ya serikali kuu ya Marekani ni senti 18.4 kwa galoni, karibu senti 5 kwa lita, na haijapandishwa kupita hapo tangu 1993. Kwa kuwa haipandi pamoja na bei za vitu vingine, thamani yake imeshuka chini ya nusu. Wakati huohuo viwango vya magari vilipitishwa na marais wa vyama vyote viwili: George W. Bush alitia saini sheria ya maili 35 mwaka 2007, na serikali ya Barack Obama ikaandika lengo la 54.5 mwaka 2012. Hakuna aliyepoteza uchaguzi kwa sababu hiyo. Gharama ipo, imo ndani ya bei ya gari jipya, lakini haina jina lake, kwa hiyo hakuna wa kulilaani. Ofisi ya Bajeti ya Bunge la Marekani ilikadiria mwaka 2003 kwamba kupunguza petroli kwa asilimia 10 kwa kodi kungegharimu nchi kidogo kuliko kupunguza kiasi hicho kwa viwango. Wabunge walipokea ripoti na kuendelea na viwango.

Hata hivyo, kitu kilichopitishwa kimyakimya kinaweza kuondolewa kimyakimya. Mwaka 2020 serikali ya Donald Trump ililegeza viwango, na Julai 2025 sheria mpya ilifanya faini ya kampuni isiyovitimiza kuwa dola sifuri. Kanuni bado imeandikwa. Ina namba zake na sura zake. Ila anayeivunja halipi kitu. Katika isimu tungeita hiyo amri iliyobaki na umbo lake la amri tu.

Upande wa bei una deni moja ambalo haulipi kwa maneno. Bei inamgonga kwanza asiye na pa kwenda. Novemba 2018 Wafaransa walivaa vizibao vya njano na kufunga barabara, na mojawapo ya mambo yaliyowasha moto huo ilikuwa kodi ya mafuta ambayo ingepanda Januari. Serikali yao iliisimamisha kabla mwezi wa Desemba haujaisha. Wengi waliotoka walikuwa watu wa vijijini na miji midogo, ambako treni haifiki, na walikuwa wakiambiwa waokoe dunia na serikali iliyokuwa imetoka kuwapunguzia kodi wenye mali. Sidhani walikataa bei peke yake. Walikataa bei isiyorudisha kitu. Anderson alikuwa amelijibu hilo mwaka 1980: chukua kwenye pampu, rudisha kwenye mshahara. Mtu maskini anachoma mafuta kidogo kuliko tajiri; kinachorudishwa kwa usawa kinaweza kumzidi alichotoa. Pasipo kurudisha, sitetei kodi hiyo mbele ya yeyote, sembuse mbele ya mama anayeuza mboga na kulipia gunia lake ndani ya taksi-basi.

Na kwetu? Hapa esanse haina bei ya soko kwa maana kamili. Wizara ya Uchumi inapanga bei kwa kila kanda ya nchi, na bei ya dunia ikipita ile iliyopangwa, serikali inabaki na deni kwa makampuni ya mafuta. Mwanafunzi anaona bei ni rahisi kidogo, anashukuru. Lakini hesabu haina siri. Serikali ikifidia kila lita, mwenye jeep anayejaza lita 60 amefidiwa mara 20 kuliko mwenye pikipiki anayenunua lita 3. Na fedha hizo zimetoka katika hazina ileile ambayo tunaambiwa haitoshi kulipa walimu. Mafuta yakikosekana kwenye stesheni, tunakwenda kwa Kadhafi wa kona ya barabara, mwenye bidoni yake ya njano na chupa zake, naye anatuuzia kwa bei isiyopangwa na waziri yeyote. Siku hiyo ndiyo tunayoiona bei halisi, na ni wale wa pikipiki wanaoilipa kwanza, kwa sababu mwenye jeep alikwisha kujaza tangi usiku.

Bei ya mafuta haipandishwi ghafla na kuachwa hivyo. Nchi nyingi zimejaribu, barabara zikawaka. Ninalotaka ni dogo kuliko hilo na liko ndani ya uwezo wetu hapa fakulteni. Bei iliyopangwa na wizara ina jedwali lake. Linaonyesha mstari kwa mstari gharama ya kuleta mafuta, ushuru wa forodha, TVA, tozo ya mfuko wa barabara, na sehemu ya muuzaji. Limeandikwa kwa Kifaransa, tena Kifaransa cha wahasibu. Dereva wa pikipiki anayelipa kila mstari wa jedwali hilo hajawahi kulisoma katika lugha anayoulizia bei. Tunazo lugha nne za taifa, na katika jengo hili tuna watu wanaofundishwa kutafsiri kwenda katika tatu kati yake. Kila mwaka tunatafsiri hadithi na mashairi kwa mazoezi. Jedwali lenye mistari kumi na kitu lingeweza kuwa zoezi la juma moja, likabandikwa penye stesheni na vituo vya pikipiki, ili watu wabishane juu ya bei wakijua sehemu ipi ni ya dunia, ipi ni ya serikali, na ipi inarudi barabarani.

Nimejaribu mwenyewe mistari michache. Ushuru ni rahisi, gharama ya usafirishaji ni rahisi. Nilikwama kwenye maneno ambayo wahasibu wanayatumia kwa deni la serikali kwa makampuni: *manque à gagner*. "Hasara" si sawa, kwa sababu hakuna aliyepoteza alichokuwa nacho. "Faida iliyokosekana" iko karibu, lakini inamfanya dereva aulize mara moja: faida ya nani, na kwa nini nilipe mimi? Labda hiyo ndiyo tafsiri sahihi. Mwenye neno bora aliweke katika sanduku la jarida kabla ya toleo lijalo.